Maswali ya Wasomaji: Nyumba Isiyokuwa na Msikilizaji

Katika toleo lililopita tulichapisha mazungumzo mafupi na mpiga fidla wa taarabu kutoka Ng'ambo, Unguja, ambaye alidokeza kwamba baba yake ni mpiga ganuni, mama yake mwimbaji, ami yake mpiga akodiani na marehemu bibi yake alikuwa mkosoaji wa wote. Wasomaji wengi waliandika wakitaka aeleze zaidi jinsi alivyolelewa katika nyumba hiyo. Tumemkabidhi barua zenu, naye amejibu zile alizoona kwamba anaweza kuzijibu na bado akafunguliwa mlango nyumbani kwao.

SWALI: Kwetu husemwa kwamba mtoto wa mwanamuziki huzaliwa akijua. Mimi nilijifunza gitaa ukubwani kwa tabu, na kila nikikosea najiambia kwamba kasoro yangu ni ukoo. Je, ni kweli kwamba ninyi mliozaliwa katika familia za muziki hamkupata tabu ya kujifunza? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, tabu tuliipata, ila nyumbani iliitwa kutumwa. Kazi yangu ya kwanza katika muziki ilikuwa kushika taa. Ganuni, kwa asiyeifahamu, ni sanduku bapa linalowekwa mapajani na kupigwa kwa risha mbili zilizobanwa kwa pete katika vidole vya shahada. Nyuzi zake huzidi 70, nazo hupangwa tatu tatu, kila tatu zikitakiwa kutoa sauti moja isiyopishana hata kidogo. Chombo hicho ukikiweka Unguja wakati wa masika, mbao zikawa zinavimba kwa unyevu na uzi wa kwanza ukawa umeshalegea kabla hujafika katikati, utaelewa kwa nini baba alianza kuzilinganisha nyuzi baada ya sala ya alasiri ili aweze kupiga baada ya isha. Giza likiingia na umeme ukikatika, jambo ambalo halikuwa geni, mimi nilisimama pembeni yake na kandili. Mkono ulipochoka, taa ilishuka, na baba alisema bila kuinua macho, "Juu kidogo," nami kwa muda mrefu sikujua kama ananiambia mimi au anauambia uzi.

Hapo ndipo sikio langu lilipofunzwa pasipo mwenyewe kuombwa ruhusa. Mtoto anayesikia nyuzi tatu zikigombana kila jioni mpaka zipatane hawezi tena kuvumilia kitu kisichopatana, na ugonjwa huo ulikuwa wa nyumba nzima. Muuza samaki aliyepita kwa baiskeli akibonyeza honi ya mpira alijulikana kwetu kwa kasoro ya honi yake kabla ya kujulikana kwa ubora wa samaki wake. Siku moja baba alimsimamisha, akamshauri kwa heshima zote aukate mdomo wa ile honi kidogo ili sauti ipande, na yule bwana, aliyedhani kwamba hiyo ni mbinu mpya ya kuomba apunguziwe bei, akatupunguzia.

Niongeze jambo kuhusu paka, kwa sababu nao walikuwa sehemu ya malezi yangu. Daraja la ganuni, yaani kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, hukaa juu ya vipande vya ngozi iliyowambwa, na ngozi ya ganuni yetu ilikuwa ya samaki. Sijawahi kumwona paka akiila, wala sijui aliyewahi kumwona, lakini baba aliamini kwamba paka wote wa Ng'ambo wanajua chombo kile kimelala wapi, kwa hiyo kazi yangu ya pili katika muziki, baada ya taa, ilikuwa ulinzi.

Sasa nirudi kwako. Tofauti yangu na yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Wewe ulipokosea kwenye gitaa lako, inawezekana kwamba hakuna aliyetambua, na pengine jirani alikusifu. Mimi nilipokosea kwenye fidla nilisahihishwa na watu wanne kutoka pande nne za nyumba, mmoja wao akiwa bafuni. Nyumba yetu ilijaa wapigaji, waimbaji na wakosoaji, lakini haikuwa na msikilizaji hata mmoja, yaani mtu wa kukaa kitako, kufurahi na kunyamaza. Unapomwonea wivu mtoto wa ukoo wa muziki, kumbuka kwamba amekulia mahali ambapo sifa kubwa kuliko zote ni kimya, na kimya chenyewe kwa kawaida humaanisha kwamba wenzake wamekwenda dukani.

SWALI: Ulisema kwamba baba na mama walikuwa katika vikundi tofauti. Mimi na mume wangu tuko katika kwaya mbili za kanisa moja na tumeshaanza kununiana. Wazazi wako waliwezaje? (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Bi mkubwa, walinuniana kwa ufundi. Unguja ina historia ndefu ya ushindani wa vikundi, na wazazi wangu waliurithi kama watu wanavyorithi shamba. Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club ikaja mwaka 1958, na mashabiki wa hizi mbili hawajapungukiwa na hoja tangu wakati huo. Wanawake nao walikuwa na vikundi vyao, kama Sahib el-Arry na Nuru el-Uyun, ambavyo bibi yangu alivizungumzia kama wanaume wanavyozungumzia timu za mpira, akikumbuka nani alivaa nini, nani aliimba nini, na ubeti upi ulimfanya nani arudi nyumbani kabla ya sherehe kwisha.

Katika nyumba ya namna hiyo watu hawatukanani, kwa sababu kila ugomvi una wimbo wake. Mama alipokasirishwa na jambo hakusema neno. Aliosha vyombo huku akiimba, na sisi watoto tulitega sikio tusikie ubeti upi umechaguliwa. Ukiwa ni wa ndege aliyesahau kiota, tulijua kwamba baba alichelewa mazoezini. Ukiwa ni wa mti uliomwagiliwa maji usizae matunda, kila mmoja wetu alikwenda kuchukua daftari lake la shule. Baba, ambaye hakujaliwa sauti ya kuimba, alikaa barazani na ganuni yake akajibu kwa taksimu, yaani muziki ambao mpigaji huubuni papo hapo akiwa peke yake, nayo ina faida moja kubwa kwa mwanamume aliyeoa: haina maneno, kwa hiyo mpigaji hashtakiwi. Mama alidai kwamba anaielewa barabara. Siku moja alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia, "Hilo la mwisho lirudie, kama wewe ni mwanamume." Baba akarudia, akiwa amelilegeza sana.

Nilipokuwa mdogo wa kutosha kuruhusiwa kukaa upande wa wanawake, niliona jinsi mambo haya yanavyofanyika hadharani. Kulikuwa na arusi ambayo shangazi yangu na wifi yake walihudhuria wakiwa hawasemezani kwa sababu ya kanga mbili zilizoazimwa na kurudishwa zikiwa na doa la hina. Mama ndiye aliyekuwa akiimba. Ulipofika ubeti unaofaa, shangazi aliinuka taratibu, noti ikiwa imekunjwa kwa urefu katikati ya vidole viwili, akaanza safari ya kwenda kumtuza mwimbaji. Jukwaa lilikuwa mbele yake moja kwa moja, lakini yeye alizunguka ukumbi mzima, akapita nyuma ya viti vya wakwe, akajipitisha mbele ya wifi yake huku noti ikipepea, na alipomfikia mama hakuitoa upesi, bali aliishika juu mpaka kiitikio kikaisha. Mwimbaji hatakiwi kuonyesha upande. Mama hakuonyesha upande wowote, ila ubeti ule aliurudia, na wifi naye akafungua mkoba kutafuta noti kubwa zaidi. Nakumbuka niliwaza kwamba doa lile limeleta faida kuliko kanga zenyewe.

Kwa hiyo, Bi mkubwa, kama mmeanza kununiana bila wimbo, mmechelewa. Muombeni mwalimu wa kwaya atunge.

SWALI: Bibi yangu aliondoka Zanzibar akiwa msichana, na mpaka alipofariki alikuwa akisema kwamba alimsikia Siti binti Saad kwa masikio yake. Je, katika familia yenu kulikuwa na santuri zake? (Msomaji wa Muscat, Oman)

JIBU: Zilikuwako, na zilitunzwa vizuri kuliko watoto. Siti alizaliwa kijijini Fumba, akaanza maisha kwa kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake, na mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Kwa hesabu hiyo bibi yako anaweza kabisa kuwa amemsikia, na mimi sina sababu ya kumtilia shaka. Ninachoweza kusema ni kwamba katika Unguja sijapata kukutana na familia hata moja ambayo bibi yake hakumsikia. Kama wote waliosema walikuwa kweli ndani ya ile nyumba yake ya Ng'ambo walikokuwa wakikusanyika watu usiku kusikiliza, basi kuta zake zilikuwa za mpira.

Santuri za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, ambazo katika taarabu hazimtoshi hata mshabiki kuinuka na kutafuta mkoba wake. Bibi yangu hakulikubali hilo. Upande ukiisha, yeye aliendelea kuimba beti zilizoachwa huku santuri ikigeuzwa, na upande wa pili ulipoanza alikuwa bado anamalizia za kwanza, kwa hiyo nimekua nikizijua nyimbo zile zikiwa na sauti mbili zinazofukuzana. Niliposikia rekodi hizo kwa mara ya kwanza bila bibi, niliona kwamba zimepungua kitu.

Kwa kuwa umeuliza kutoka Oman, niongeze kwamba kwetu kelele zote za muziki zilihesabiwa kuwa kosa la Sultani Barghash wa Zanzibar, mwenye asili ya huko kwenu. Masimulizi yanayokubalika ni kwamba yeye, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, naye aliporudi akawafunza wengine. Usiku mazoezi yalipopita kiasi barazani na mtoto mchanga akaamka, bibi alifungua dirisha na kuuliza kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba hivi Barghash angepungukiwa na nini kama angemtuma yule kijana akajifunze useremala.

SWALI: Je, uliwahi kusoma muziki darasani, na kulikuwa na tofauti gani na nyumbani? (Msomaji wa Dar es Salaam)

JIBU: Nilisoma, nikiwa mtu mzima, katika chuo cha muziki kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika jengo la forodha la zamani, ufukweni pa Mji Mkongwe. Tofauti ya kwanza ilinishtua. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema kwamba nimefanya vizuri. Kwetu, mtu akikusifu kabla ya kukukosoa, hutafuta kukopa. Siku nzima nilimkwepa.

Tofauti ya pili ilikuwa kwamba mambo yalikuwa na majina. Nilifundishwa kwamba katika maqamu ya Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu hukaa mahali pa katikati, ambapo piano na akodiani ya Ulaya hazina kitufe chake, wakati ganuni ina vyuma vidogo vya kuinua na kushusha uzi mpaka ipatikane. Wenzangu waliandika madaftarini mwao robo sauti. Mimi sikuandika kitu, kwa sababu jambo hilo nililijua tangu utotoni kwa jina la ugomvi wa baba na ami. Kila Ijumaa jioni, wakianza kupiga pamoja, baba alishusha kile chuma kidogo, ami alibonyeza kitufe alichonacho, sauti mbili zikakaa bega kwa bega bila kusalimiana, na ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja wakatazamana. Baba alisema kwamba chombo cha ami ni cha kuuzia aiskrimu. Ami alisema kwamba chombo chake angalau huwa tayari kabla wageni hawajaondoka. Kisha walichagua wimbo wa maqamu nyingine na kuendelea, na Ijumaa iliyofuata wakaanza tena na Rasti, kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba imeshindikana.

Darasani nilipata faida kubwa katika kusoma nota, jambo ambalo nyumbani hakuna aliyelijua. Niliporudi na karatasi ya bashrafu, yaani muziki wa vyombo usio na maneno, ami aliitazama kwa muda, akaigeuza juu chini, akasema kwamba mchwa hao wamepanga mstari vizuri. Halafu akaipiga yote kwa kichwa, bila karatasi, na akanionyesha mahali palipoandikwa vibaya. Nilikwenda kumuuliza mwalimu, naye akapasahihisha.

SWALI: Je, muziki uliwalisha? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Baba alikuwa karani mchana. Karibu wanaklabu wote wa zama zake walikuwa na kazi nyingine, na wengi wangeona aibu kusema kwamba wanapiga kwa ajili ya fedha. Walipokuja watu kumposa shangazi wakauliza kaka yake ni nani, wakaambiwa ni mpiga ganuni, mzee wao alitikisa kichwa kwa heshima, akasubiri kidogo, kisha akauliza, "Na kazi?" Zile noti za kutuzwa mama alizifunga katika pindo la kanga, na kilichoingia humo hakuna mwanamume wa nyumba yetu aliyewahi kukiona tena, isipokuwa kikirudi kwa sura ya mchele.

SWALI: Mwanangu hupiga sufuria kwa vijiko kutoka asubuhi hadi jioni. Majirani wanalalamika, na baba yake anataka tumnunulie kinanda cha umeme. Wewe unashauri nini? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Mama, kinanda msikinunue bado, kwa sababu kina kitufe cha kupiga ngoma chenyewe, na mtoto akishakigundua kitufe hicho atakaa pembeni kuiangalia mashine ikifanya kazi yake. Kama anapenda mapigo, mpatieni ngoma ndogo ya ngozi na mtu mzima wa kupiga naye. Kwetu Unguja watoto wengi hawakuanza na vyombo vya taarabu yenyewe, bali na kidumbaki, ambacho kina ngoma mbili ndogo, cherewa, yaani manyanga, vijiti vya kugonganisha, fidla mara nyingine, na sanduku, yaani boksi la mbao lililogeuzwa chini juu na kufungwa kamba moja kwenye fimbo likawa besi. Mimi na binamu zangu tulitengeneza letu kwa boksi la chai, tukalifunga kamba ya kuanikia nguo. Kamba ilitoa sauti nzuri mno. Nguo za watu wazima zilibaki kwenye ndoo siku mbili, na bibi, baada ya kutuadhibu wote kwa zamu, alilijaribu lile sanduku mwenyewe, akasema fimbo ni fupi.

Kuhusu majirani, uliza kwanza wanalalamikia kelele au wanalalamikia mapigo. Kwetu jirani mmoja alikuja mara kwa mara kugonga mlango usiku, na sote tulidhani ana usingizi mwepesi, hadi ilipobainika kwamba mpiga dumbaki alikuwa akichelewa katika kiitikio na yeye hawezi kulala akiwa anakisubiri. Alikaribishwa, akapewa rika, yaani dufu ndogo yenye vibati, na malalamiko yakaisha. Katika mwezi wa Ramadhani, vyombo vilipofungwa na nyumba ikanyamaza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

SWALI: Je, watoto wako nao wanapiga? Na kama hawataki, unawalazimisha? (Msomaji wa Chake Chake, Pemba)

JIBU: Binti yangu mkubwa hapigi chombo chochote. Anasoma uhasibu, na jioni hukaa barazani akatusikiliza huku amefumba macho. Mara ya kwanza alipofanya hivyo baba alisimamisha wimbo katikati akauliza kama mtoto amekula. Ilituchukua muda kumzoea. Sasa hatuwezi kuanza mazoezi kabla hajafika, na ami, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwomba mtu maoni, humuuliza kila mara kama ilikuwa nzuri.

Mdogo wake wa kiume anatengeneza singeli kwenye kompyuta. Simlazimishi kitu, kwa sababu kwetu hakuna aliyelazimishwa, tulikosolewa tu mpaka tukaweza. Babu yake aliposikia kasi ya muziki huo kwa mara ya kwanza aliuliza kwa utulivu kwamba vijana hawa wana haraka ya kwenda wapi. Mwezi uliopita, hata hivyo, mjukuu alimwomba ampigie taksimu fupi ya ganuni ili aiingize katika wimbo wake, na mzee, aliyejifanya kusita kwa heshima ya umri wake, alikuwa ameshavaa pete za risha kabla ombi halijaisha. Kinachozuia kazi kwa sasa ni mwendo. Wameshaupunguza mara kadhaa, na mpaka naandika jibu hili wamefikia kasi ambayo mmoja anasema ni ya mazishi na mwingine anasema ni ya mtu anayefukuzwa na ng'ombe wa kwenu Pemba.